Setilaiti ilipita, bili ikabaki

Vijana wengi wanaounda programu za afya hapa Kenya hudhani mambo haya yalianza na simu za mkononi. La hasha! Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa tayari wanapelekeana barua kwa njia ya setilaiti. Ngoja niwasimulie habari za HealthNet.

Aliyeibua wazo hilo ni Bernard Lown, daktari wa moyo wa Boston, Marekani. Alitaka teknolojia ya anga, ambayo mataifa makubwa yaliipigia hesabu za vita, ibebe habari za tiba. Ndipo likazaliwa shirika la SatelLife.

Setilaiti yake ndogo, HealthSat-2, ilirushwa Septemba 1993. Ilizunguka dunia kwa dakika 100 hivi, kilomita kama 800 juu. Ikipita juu ya kituo ilikuwa na dakika chache tu za kupokea barua pepe na kushusha nyingine, kisha hiyoo, inaelekea kituo kingine. Matatu ya angani! Penye laini nzuri ya simu, ilitumika FidoNet: tarakilishi moja inaipigia nyingine, zinabadilishana barua, zinakata. Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Msumbiji zote zilikuwamo.

Je, kilichoiua ni nini? Si mitambo. Intaneti ya biashara iliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, na wenye uwezo wa kulipa wangekosaje kuhamia huko? Fedha za mtandao zilikuwa za wafadhili. SatelLife baadaye ikawa chini ya shirika la AED. Desemba 2010 serikali ya Marekani ikalizuia AED kupata kandarasi mpya, na 2011 likavunjika.

Hata ProMED, huduma ya tahadhari za magonjwa iliyoanza 1994 kwa msaada wa SatelLife, haikupona. Ndiyo iliyotangaza nimonia ya Wuhan tarehe 30 Desemba 2019. Agosti 2023 wahariri wake kadhaa waligoma kwa sababu ya malipo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisi waunda programu tunapenda siku ya uzinduzi: keki, hotuba, picha. Mimi naona swali la kwanza liwe hili: mwaka wa sita, mfadhili akishaondoka, mshahara wa fundi uko kwenye bajeti ya nani? Kama kaunti haina jibu, tusiandike hata mstari mmoja wa programu.

Wewe wasemaje?