Kipimo cha Zaburi katika Sala ya Kila Siku

Historia ya Zaburi katika sala ya kila siku huelezwa mara nyingi kama historia ya kupunguza. Katika Kanuni yake ya karne ya 6, Benedikto aliwaagiza wamonaki wamalize Zaburi zote 150 kila juma, akiwakumbusha kwamba watangulizi wao walizimaliza kwa siku moja. Mwaka 1549 Thomas Cranmer alizigawa kwa mwezi, asubuhi na jioni, kwa Kiingereza. Huo haukuwa ulegevu. Katika dibaji alilalamika kwamba zaburi chache tu ndizo zilizosaliwa kila siku, nyingine zikiachwa. Na kipimo chake kiliweza kutimizwa parokiani, nje ya monasteri.

Badiliko la 1971 ni la namna nyingine. Liturujia ya Vipindi ya Kanisa Katoliki ilitandaza Zaburi kwa majuma manne, lakini pia iliziacha kabisa Zaburi 58, 83 na 109, pamoja na aya kadhaa za nyingine, kwa sababu ya laana zilizomo. Kwa maoni ya mwandishi, hili ni zito kuliko suala lolote la ratiba. Mmonaki wa Benedikto alilazimika kuyatamka hata yale yaliyomchukiza. Msali wa leo hupokea Zaburi zilizokwisha kuchujwa, na aliyeonewa hakisikii humo kilio chake kikali kuliko vyote.