Nani aligundua kwamba ulimwengu unatanuka?



Vitabu vingi vya shule vinasema kwamba mwaka 1929 Edwin Hubble aligundua kuwa ulimwengu unatanuka, basi, hadithi imekwisha. Kauli hii inawadhulumu watu. Tuitazame tarekhe yenyewe.

Mnamo 964 hivi, Abdul-Rahman al-Sufi, mwanafalaki wa Isfahan, aliandika juu ya kiwingu kidogo kinachoonekana katika nyota za Andromeda. Kwa karibu miaka elfu nzima hakuna aliyejua kiwingu kile kiko mbali kiasi gani. Kukiona walikiona, ila kipimo hawakuwa nacho.

Kipimo alikileta mwanamke, Henrietta Leavitt, aliyekuwa akikagua picha za nyota pale Harvard kwa ujira mdogo. Mwaka 1912 alionyesha kwamba kuna nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na kadiri zamu inavyochukua siku nyingi, ndivyo nyota yenyewe inavyokuwa na nuru kubwa. Sasa ukijua taa ina nguvu gani, na wewe unaiona hafifu, umbali wake unaupata kwa hesabu tu. Mwaka huo huo, kule Arizona, Vesto Slipher alianza kupima mwendo wa viwingu hivi kwa kuichambua nuru yake. Kufikia 1917 alikwisha pima 25, na katika hivyo 21 vinatukimbia.

Hubble alivikuta vyote hivyo. Mwaka 1923 aliipata nyota ya aina ya Leavitt ndani ya Andromeda, kumbe kile kiwingu ni galaksi nyingine kabisa. Mwaka 1929 akaonyesha kwamba galaksi ikiwa mbali zaidi, hukimbia kwa kasi zaidi. Lakini padri wa Kibelgiji, Georges Lemaître, alikwisha lisema hilo 1927, kwa Kifaransa, katika jarida lisilosomwa sana. Tafsiri ya Kiingereza ya 1931 ikatoka bila ya sehemu ile muhimu. Watu wakashuku hujuma, mpaka 2011 ilipodhihirika kwa barua kwamba Lemaître mwenyewe ndiye aliyeiacha. Mwaka 2018 wanafalaki wa dunia walipiga kura kanuni hiyo iitwe ya Hubble na Lemaître. Leavitt na Slipher hawamo.

Tena hesabu ya Hubble ilikuwa na kasoro kubwa. Kwa kasi aliyoipata, ulimwengu ungekuwa na umri wa miaka bilioni 2 tu, yaani mdogo kuliko mawe ya ardhi hii! Ilibidi tungoje 1952, Walter Baade alipoeleza kwamba nyota zile ni za aina mbili, na umbali ukaongezeka maradufu. Leo tunasema miaka bilioni 13.8.

Na hapo pana mpaka. Nuru ambayo haijatufikia hatuwezi kuiona, hata darubini iwe kubwa vipi. Tangu 1998 tunajua pia kwamba kutanuka kunazidi kasi. Baada ya mabilioni mengi ya miaka, galaksi za mbali zitatoweka kabisa machoni. Mwanafalaki wa wakati huo ataiona galaksi yake peke yake, atapima kwa uangalifu wote, na atasema ulimwengu umetulia.

Kwa hiyo mwanao akirudi na jina moja la Hubble, mwongezee hayo matatu.