Seva za Miritini na Ugomvi wa Mwaka 2000

Kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora, na swali la zamani likazuka upya: kwa nini mkazi wa Likoni, Mombasa, anayetafuta huduma ya Kenya aifuate ng'ambo? Jibu limo katika historia ya seva, yaani kompyuta zinazowaka usiku na mchana ili kuhudumia kompyuta nyingine, ambazo nyingi huendeshwa kwa mifumo ya jamii ya Unix, iliyobuniwa Bell Labs mwaka 1969, hasa Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki na ambayo hutolewa bure.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, barua pepe iliyotumwa na mteja wa kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwa mteja wa kampuni jirani ilipanda setilaiti, ikafika Marekani au Ulaya, kisha ikarejea, na safari zote mbili zikalipiwa kwa dola. Mnamo Novemba 2000 watoa huduma, kupitia chama chao cha TESPOK, walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, ambacho kwa vifaa kilikuwa kitu kidogo tu: swichi mbili, yaani visanduku vya kuunganishia nyaya, na waya wa kila mwanachama. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha data ya kimataifa, ililalamika kwamba haki hiyo inavunjwa, na baada ya takriban wiki mbili Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. TESPOK ilijibu kwamba sheria ya mwaka 1998 inaruhusu kundi maalumu la watumiaji kuunganisha mitambo yao wenyewe, hoja ambayo hata leo ni vigumu kuipinga, kwani data isiyotoka Nairobi haiwezi kuitwa ya kimataifa ila kwa ukaidi. Mvutano ulidumu karibu mwaka mzima hadi tume ilipolegeza msimamo na kutoa leseni, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena.

Hata hivyo, swichi haijui njia. Vituo vingi vya namna hii huwa na seva za kutangazia njia, ambazo nyingi duniani hutumia programu ya BIRD iliyoanzia Prague, pamoja na seva za majina, zinazogeuza anwani zenye .ke kuwa namba. Wasimamizi wengi wa Afrika waliisomea kazi hiyo katika warsha za AfNOG, jukwaa la waendesha mitandao wa Afrika, zilizoanza Cape Town mwaka 2000 na kufika Nairobi mwaka 2006.

Mombasa ilipokea kebo za TEAMS na SEACOM mwaka 2009, na Februari 2012 nanga ya meli ikaikata TEAMS nje ya bandari. Nchini kote, sehemu ya data inayopatikana humu humu ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70 mwaka 2020. Sifa huenda Nairobi, ilhali kituo cha data, yaani jumba la kuhifadhia seva, cha kampuni ya iColo kipo Miritini, Mombasa, upande wa bara, na si wengi wapitao barabara kuu wanaokitambua.

Utunzaji wa seva hauna fahari. Msimamizi huingia kutoka mbali kwa SSH, njia ya maandishi iliyosimbwa fiche, akaandika df kuona nafasi iliyobaki kwenye diski, kwa sababu kumbukumbu za mfumo zisipopunguzwa huijaza, na seva iliyojaa hukataa hata barua ya mstari mmoja. Diski yenyewe ikifa, amri ya mbali haifai kitu: lazima mtu afike Miritini, aivute kutoka kwenye kabati la chuma, asukume nyingine mahali pake, kisha asubiri mfumo unakili data yote upya.