Butembo–Beni: Kwa nini Ulaya hubadilisha saa, na sisi hatubadilishi?

Mara mbili kwa mwaka, swali lilelile hurudi katika familia za Butembo na Beni zenye ndugu huko Ulaya. Wakati wa kiangazi chao, saa ya Bruxelles na saa ya Butembo ni moja. Mwisho wa Oktoba, ghafla ndugu wa Bruxelles wako nyuma kwa saa moja. Simu haijaharibika. Ni wao waliorudisha saa zao nyuma.

Mwaka 1907, Mwingereza mmoja mjenzi wa nyumba, William Willett, alichapisha kijitabu akilalamika kwamba watu wanalala huku jua la kiangazi limekwisha kuchomoza. Aliomba saa isogezwe mbele. Alifariki mwaka 1915 bila kusikilizwa. Vita ndiyo iliyoleta jambo hilo: tarehe 30 Aprili 1916 Ujerumani ilisogeza saa mbele ili jioni taa ziwake muda mfupi na makaa ya mawe yasipotee. Uingereza ilifuata tarehe 21 Mei. Vita ilipokwisha, nchi nyingi ziliacha. Baada ya petroli kupanda bei mwaka 1973, Ufaransa ilirudia mwaka 1976 na Ubelgiji mwaka 1977.

Leo nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani, tangu 2007, huanza Jumapili ya pili ya Machi na kumaliza Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuacha desturi hiyo, lakini serikali hazijapatana mpaka sasa.

Na sisi je? Bruxelles, mwezi wa Juni, mwanga wa mchana unapita saa 16. Desemba ni karibu saa 8 tu. Butembo na Beni ziko karibu kabisa na ikweta. Jua linachomoza karibu na 06h00 na kuzama karibu na 18h00, mwaka mzima, kwa tofauti ndogo tu. Hakuna mwanga wa ziada wa kuokoa.

Lakini shida ya saa tunayo, ya aina nyingine. Nchi yetu ina saa mbili: kukiwa 08h00 Kinshasa, Butembo ni 09h00. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ni 10h00. Kwa hiyo Bruxelles wakati wa baridi inafuata saa ya Kinshasa, na wakati wa kiangazi inafuata saa yetu ya mashariki.

Kule Kasindi, jua hilohilo linachomoza karibu na 06h00 kwetu na karibu na 07h00 Mpondwe, hatua chache tu mbele. Simu ikishika mtandao wa Uganda, inaweza kuruka saa nzima yenyewe. Mfanyabiashara aliyepatana na dereva kwa "09h00" bila kusema ya upande gani anaweza kungoja saa nzima, au kukuta gari limeondoka. Kwenye barabara ya Beni–Kasindi, iliyoona mashambulizi mengi, saa moja si kitu kidogo. Hakuna anayependa giza limkute njiani.

Basi, ndugu msomaji, ukipatana na mtu wa Mpondwe, wa Kinshasa au wa Ulaya, taja saa na mahali: "09h00 ya Butembo." Ukikaribia mpaka, zima mpango wa simu unaobadilisha saa yenyewe. Na mwisho wa Machi na Oktoba, waulize ndugu wa Ulaya ni saa ngapi kwao kabla ya kupanga mkutano wa familia.