Mirathi ya Ukoo wa Carter wa Virginia: Ardhi, Watu na Majina

Historia ya ukoo wa Carter wa Virginia imezoea kusimuliwa kama historia ya ardhi: nani aliipata, nani aliirithi, na kila mwana alijengewa jumba gani. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaacha nusu ya urithi wenyewe. Sheria ya koloni hilo ya mwaka 1705 iliwahesabu watumwa kuwa mali isiyohamishika, sawa na shamba. Kwa hivyo mirathi ya ukoo huu ilikuwa mirathi ya watu pia, na katika namna majina yao yalivyotolewa na kuandikwa mna mengi ya kumshughulisha mtafiti wa lugha.

Robert Carter alizaliwa yapata mwaka 1663 huko Corotoman, kando ya mto Rappahannock. Hakuwa kifungua mimba. Sehemu kubwa ya mali ya babaye ilimfikia baada ya ndugu yake mkubwa kufariki mwaka 1690. Utajiri wake hasa ulitokana na uwakala. Mara mbili, kati ya 1702 na 1711 na tena kuanzia 1722 hadi kufa kwake, alisimamia ugawaji wa ardhi kubwa ya jamaa wa Fairfax waliokuwa Uingereza, naye hakujisahau wala hakuwasahau wanawe. Watu walimpachika lakabu ya "Mfalme". Alipofariki Agosti 1732 aliacha ekari zipatazo 300,000 na watumwa wanaokadiriwa kufikia 1,000.

Mwaka 1708 Carter aliiomba mahakama ya wilaya ya Lancaster ruhusa ya kuwakata vidole vya miguu watumwa wawili aliowaita wakaidi, akapewa. Mmoja alikuwa mwanamke, Dinah. Wa pili ameandikwa Bambarra Harry. Neno la kwanza katika jina hilo ni la watu wa nchi za mto Niger wa juu (ingawa wafanyabiashara wa watumwa walilitumia ovyo), na la pili ni la Kiingereza. Mseto huo haukuwa wa sadfa. Katika barua ya Oktoba 1727 kwa msimamizi wake Robert Jones, Carter alieleza kwamba watumwa wapya amekwisha kuwapa majina mwenyewe, na kwamba majina hayo yamekaririwa mbele yao hata kila mmoja akalijua lake. Kumpa mtu jina, katika mashamba hayo, kulikuwa sehemu ya kumtwaa.

Mjukuu wake, Robert wa Nomini Hall, alifiwa na baba na babu katika mwaka huo mmoja wa 1732, akiwa na umri wa miaka minne. Alikabidhiwa mali alipotimiza miaka 21, akawa mjumbe wa Baraza la koloni, na kwa muda mrefu hakutofautiana sana na jirani zake. Mwaka 1778 alibatizwa katika kanisa la Kibaptisti, ambamo watumwa na mabwana waliabudu pamoja. Sheria ya 1782 ilipomruhusu bwana kumwacha mtumwa wake huru bila idhini ya serikali, njia ilikuwa wazi. Matajiri wengi waliisifu, wachache waliipita.

Hati aliyoiandika tarehe 1 Agosti 1791 imeorodhesha watu 452, kila mmoja kwa jina, umri na shamba lake. Wangeachwa huru 15 kila mwaka, wakubwa kwanza. Watoto wangengoja, wavulana hadi miaka 21 na wasichana hadi 18. Mtu aweza kuulaumu utaratibu huo kwa ukawiaji wake, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, orodha iliyoandikwa ili watu watoke katika mirathi si sawa na ile iliyoandikwa ili waingie, japo wino na karatasi ni vile vile. Wazao wa walioandikwa humo huitumia hadi leo kufuatilia nasaba zao, jambo ambalo kwa wazao wengi wa watumwa wa Marekani ni gumu mno. Majirani wa Robert walichukizwa. Barua moja isiyo na jina ilimfananisha na mtu anayeichoma nyumba yake bila kujali ya jirani. Mwaka 1793 alihamia Baltimore, na kazi ya kuwaacha watu huru ikaendelezwa na mhubiri wa Kibaptisti, Benjamin Dawson.

Upinzani mkali zaidi ulitoka nyumbani. Mwaka 1786 Robert alikuwa amewapeleka wanawe wawili, George na John Tasker, kusoma Rhode Island ili wasikue na tabia za mabwana wa watumwa. Robert alipofariki mwaka 1804, ni George huyo huyo aliyejaribu kuizuia hati ya babaye. Dawson hakukubali. Shauri lilifika katika Mahakama ya Rufani ya Virginia, ambayo mwaka 1808 ilimpa Dawson haki. Watu wakaendelea kuachwa huru. George alibaki katika shamba lake la Oatlands, ambako kazi ilifanywa na watumwa wengine, nao walipita kwa warithi wake alipofariki mwaka 1846.