Mlolongo: Kura Iliyopigwa kwa Miguu

Kila nikitaja uchaguzi, lazima mtu aandike, "Kura haisaidii, wataiba tu." Sawa. Lakini hebu tuongee kuhusu 1988, wakati wazazi wetu wengi walikuwa bado shuleni.

Kenya ilikuwa ya chama kimoja, KANU. Na si kwa mazoea tu: mwaka wa 1982 Bunge lilitia kifungu cha 2A kwenye Katiba, na kutoka hapo chama kingine kikawa haramu. Sasa Februari 1988 KANU ikateua wagombea wake wa ubunge kwa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Unaenda uwanjani, unasimama nyuma ya mgombea wako ama ajenti wake aliyeshika picha, mnahesabiwa kama mbuzi sokoni.

Fikiria hiyo kitu kidogo. Chifu anakuona. Mdosi wako anakuona. Jirani anayekudai anakuona. Kama una kibanda na leseni inatoka kwa ofisi ya serikali, utasimama laini gani? Mimi siwezi kuita hiyo uchaguzi. Hiyo ni kuitwa majina asubuhi, kama boding.

Na bado waliiba! Hapo ndipo mimi huchoka kabisa. Kuna mahali laini fupi ilitangazwa mshindi, mchana kweupe, watu wakiangalia. Utalalamika wapi? Hakuna karatasi ya kuhesabu tena, na watu washaenda nyumbani. Juu ya hiyo kulikuwa na sheria ya asilimia 70: ukizidisha hiyo kwenye laini, umepita bila kupingwa, kura ya siri ya Machi haikuhusu.

Maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge walipinga wazi. Desemba hiyo Kenneth Matiba akajiuzulu uwaziri, akilalamikia wizi kwenye uchaguzi wa chama kwao Murang'a. Mwaka wa 1990 yeye na Charles Rubia wakaitisha vyama vingi, wakatiwa kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba. Mwaka haujaisha, KANU yenyewe ikatupa mlolongo. 2A ikafutwa Desemba 1991.

Sasa turudi kwako wewe wa "haisaidii". Hao watu walikuwa na polisi, redio, machifu na sheria, na bado walitaka kuona umesimama wapi. Kwa nini, kama kura yako ni takataka? Siri ndiyo iliwasumbua. Leo iko kwenye Katiba, Kifungu cha 81, na hata aliyekupatia mia mbili hawezi kujua ulitia alama wapi.

Wizi wa hesabu bado ni vita, sikatai. Lakini 2022 fomu 34A ziliwekwa kwa tovuti, mtu yeyote mwenye bando akajumlisha mwenyewe. Babu yako 1988 angejumlisha nini, nyasi zilizokanyagwa?