Waandishi wanaovishana vilemba vya ukoka

Kumvisha mtu kilemba cha ukoka ni kumpa sifa asizostahili. Ukoka ni nyasi tu, nazo hunyauka kabla ya adhuhuri. Katika uzinduzi wa vitabu huku Embu na Meru, vilemba hivi vimezidi. Anayezindua diwani leo anamwita 'gwiji' yule aliyemwandikia dibaji. Mwezi ujao gwiji anazindua riwaya, na mgeni wa heshima ni nani? Unamjua. Nikune nikukune.

Mambo hayakuwa hivi daima. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, diwani iliyovunja kaida za vina na mizani, wanamapokeo hawakumumunya maneno. Walisema waziwazi kwamba hayo si mashairi. Mulokozi na Kahigi wakajibu kwa hoja katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Matusi yalikuwapo pia, tusidanganyane. Lakini aliyeufuatilia mjadala ule alitoka akijua mizani ni nini, na kwa nini mtunzi aamue kuiacha.

Ndimo alimoingia Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, eneo lililokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Meru. Mchezo wa Karata ilitoka mwaka wa 1997, Bara Jingine mwaka wa 2001, na zote mbili ni za mashairi huru. Mtunzi wa aina hiyo alijua kuna msomaji mkali anayemsubiri akiwa tayari kuhesabu silabi. Ilibidi kila mshororo uwe na sababu ya kukatika pale ulipokatika. Mberia huyapanga maneno ukurasani hata jicho nalo likapata kazi ya kufanya.

Kijana anayetunga leo kule Chuka au Runyenjes hana bahati ya msomaji kama huyo. Anampelekea mhadhiri mswada, anajibiwa 'kazi safi sana' kabla ya ukurasa wa kumi kufunguliwa. Mhadhiri si mwovu. Naye ana riwaya njiani, na atahitaji watu wa kujaza ukumbi na kupiga makofi. Anayeumia ni kijana: anakopa chamani, anachapisha nakala 500, nyingi zinaishia chini ya kitanda. Kumwambia mapema kwamba sura ya tatu imepwaya kungemgharimu mhadhiri urafiki wa wiki mbili, pengine tatu.